Mgeni wa Siku Mbili: Matembezi ya Mwisho wa Juma katika Usimulizi wa Mwanafunzi Ugenini Australia

1. Utangulizi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapotaja safari, aghalabu huwa anakusudia safari ndefu: msafara wa bara, safari ya Hija, au safari ya kwenda ng'ambo kutafuta elimu. Safari fupi, ile ya kutoka Jumamosi asubuhi na kurejea Jumapili jioni, haijapewa nafasi ya maana katika uhakiki wetu. Sababu hazifichiki. Ni safari isiyo na hatari kubwa, haibadilishi maisha ya msafiri, na mara nyingi huandikwa katika barua au daftari lisilokusudiwa hadhira pana. Hata hivyo, kwa mwanafunzi anayeishi ugenini miaka mitatu au minne, safari hiyo ina uzito wa pekee. Siku tano za juma zinamalizikia maktabani na katika kibarua cha jioni. Ni katika siku mbili zinazosalia ndipo aionapo nchi. Kwa hiyo karibu yote atakayowasimulia watu wa kwao kuhusu nchi ile, mbali na baridi na bei ya vyakula, yatatokana na siku hizo mbili.

Makala hii inanuia kuchunguza usimulizi wa matembezi ya namna hiyo nchini Australia. Matini tutakazozitumia ni za aina tatu. Ya kwanza ni daftari ambalo mwandishi wa makala hii aliliandika kwa Kiswahili alipokuwa mwanafunzi wa uzamifu mjini Melbourne, baina ya mwaka 2008 na 2011. Ya pili ni riwaya ya Joan Lindsay, Picnic at Hanging Rock (1967), ambayo msuko wake mzima umejengwa juu ya matembezi ya siku moja. Ya tatu ni masimulizi ya safari ya Waswahili yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901, ambayo tutayatumia kama kipimo. Tunamwomba msomaji radhi kwa kumhakiki mwandishi ambaye ni sisi wenyewe. Tumeona ni afadhali kuyafichua makosa ya daftari letu kuliko kuyatafuta katika barua za wenzetu.

Hoja yetu ni kwamba usimulizi wa safari katika Kiswahili ulikuwa na kanuni zilizomlazimisha msafiri kumtambua mwenye nchi, na kwamba mwanafunzi wa leo, akiandika kuhusu Australia, hubakia na kanuni moja tu kati ya hizo, iliyo nyepesi kuliko zote.

2. Hodi, hongo na hesabu

Katika masimulizi ya Velten, hususan yale ya misafara ya bara, msomaji atakutana tena na tena na mambo matatu. Kwanza ni hodi. Msafiri akifika mahali hutaja jina la mahali hapo, jina au cheo cha mkubwa wa hapo, na namna alivyopokelewa au kukataliwa. Pili ni hongo. Neno hili katika Kiswahili cha leo lina uvundo wa rushwa, lakini katika masimulizi hayo ni malipo yanayotolewa kwa mtawala wa nchi ili msafara upite, unywe maji na upige kambi. Tatu ni hesabu: siku za kutembea, idadi ya wapagazi, nguo na shanga zilizotolewa, bei ya chakula.

Mambo haya si mapambo. Hodi na hongo ndizo zinazousogeza mbele msuko wa masimulizi. Msafara haupiti mpaka maneno yakubaliane, na mara nyingi mgogoro wa sura nzima ni mgogoro wa kiasi cha hongo. Kwa lugha ya uhakiki, mwenyeji ni mhusika, wala si mandhari. Ukilisikiliza neno lenyewe, mwenyeji, utasikia ndani yake umiliki na mji. Aidha, methali zetu zinaujenga uhusiano huu kwa pande zote mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema moja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, husema nyingine. Mgeni ana haki, nayo haki hiyo ina muda wake, na ukishapita muda huo hudaiwa kazi.

Si kila msafiri wa Kiswahili aliyeweza kuzitimiza kanuni hizi. Selim bin Abakari, ambaye safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896 imo katika mkusanyiko wa Velten, alifuatana na bwana wake Mjerumani, na uongozi wa njia haukuwa wake. Martin Kayamba, ambaye kitabu chake Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza kilichapishwa mwaka 1932, alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Mwenyeji wake alikuwa ndiye mtawala wake. Wote wawili, hata hivyo, walijua waziwazi ni nani aliyewakaribisha na kwa nini. Ujuzi huo ndio tutakaouona ukipungua katika daftari la mwanafunzi.

3. Daftari la Jumamosi

Daftari lenyewe lina kurasa zipatazo mia moja na ishirini, na zaidi ya nusu yake ni habari za mwisho wa juma. Jambo hili halistaajabishi. Siku za kazi hazikuwa na la kusimulia. Viza ya mwanafunzi wakati huo iliruhusu saa 20 za kazi kwa juma katika muhula wa masomo, na saa hizo nilizimaliza nikisafisha ofisi usiku. Mara moja kwa mwezi, chama cha wanafunzi wa kigeni kiliandaa basi.

Safari ya kwanza iliyoandikwa ni ya barabara iitwayo Great Ocean Road, inayofuata ufuo wa kusini wa jimbo la Victoria kwa kilomita zipatazo 243. Simulizi inaanza kwa saa ya kuondoka na kumalizikia kwa saa ya kurudi. Katikati mna nauli, bei ya mkate wa nyama, idadi ya vituo, na hesabu ya minara ya mawe ya chokaa inayosimama baharini, iitwayo Twelve Apostles. Mwandishi anafurahia kugundua kwamba jina linasema mitume kumi na wawili ilhali minara haifikii idadi hiyo, na anaeleza kwamba mmoja ulikuwa umeporomoka mwaka 2005. Anaeleza pia, kwa kufuata kibao cha njiani, kwamba barabara ilijengwa baina ya 1919 na 1932 na askari waliorejea kutoka Vita Vikuu vya Kwanza, iwe kumbukumbu ya wenzao waliokufa. Kisha inafuata sentensi hii, ambayo ndiyo chanzo cha makala yetu: "Msitu umeshuka mpaka baharini, na hapana watu kabisa."

Tuitazame sentensi hiyo kwa makini. Kifani ni sentensi nzuri. Kishazi cha kwanza kina mwendo na cha pili kinatua. Kimaudhui ni sentensi ya mlowezi. Mwandishi wake alikuwa amefundishwa, naye baadaye akafundisha, namna wasafiri wa Kizungu walivyoandika kwamba nyanda za juu za Kenya ni tupu, na namna maandishi hayo yalivyotangulia sheria. Anajua kwamba Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1915 iliwafanya Waafrika wapangaji katika ardhi yao. Lakini anapoletwa kwa basi katika nchi ya Wawadawurrung na Wagadubanud, kalamu yake inafuata njia ileile. Askari waliojenga barabara wana kibao na tao la ukumbusho, basi wameingia daftarini. Wenye nchi hawakuwa na kibao mahali basi liliposimama, basi hawakuingia.

Kosa hili halikutokana na kutojua. Kurasa tatu nyuma, mwandishi huyohuyo ameandika kuhusu hotuba ya Waziri Mkuu Kevin Rudd ya tarehe 13 Februari 2008, ya kuwaomba msamaha wenyeji asilia waliotenganishwa na wazazi wao wakiwa watoto. Anajua pia hukumu ya Mabo ya tarehe 3 Juni 1992, iliyoitupa dhana kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe Waingereza walipofika. Maarifa hayo ameyaweka katika kurasa za siku za kazi, pamoja na mihadhara na magazeti. Jumamosi ameyaacha nyumbani. Kwa maneno mengine, utanzu wa matembezi umegawa akili ya mwandishi mafungu mawili: juma la kujua na mwisho wa juma wa kuona.

Hapa methali ya mgeni inatupatia maelezo ambayo nadharia za utalii hazikutupatia. Mwisho wa juma ni siku mbili kamili. Mgeni wa mwisho wa juma huondoka jioni ya siku ya pili, kabla jembe halijatolewa. Anafurahia haki yote ya mgeni na kuukwepa wajibu wake wote, na Jumamosi ifuatayo anakuwa mgeni mpya mahali pengine. Anaweza kuishi hivyo miaka minne bila kuifikia siku ya tatu hata mara moja.

4. Hanging Rock: matembezi yasiyo na mwenyeji

Riwaya ya Lindsay nilipewa na mwanafunzi mwenzangu kabla sijapanda treni kwenda Woodend. Ni mwendo wa saa moja hivi kutoka kituo cha Southern Cross, na kutoka Woodend mtu asiye na gari hutembea kilomita kadhaa kuufikia mwamba. Riwaya inasimulia jinsi wasichana wa shule ya Appleyard walivyopelekwa mandarini siku ya Mtakatifu Valentino mwaka 1900. Saa zinasimama adhuhuri. Wasichana watatu na mwalimu mmoja wanapotelea mwambani. Msichana mmoja anapatikana baadaye bila kumbukumbu, wengine hawaonekani tena. Lindsay hakuifumbua siri hiyo katika riwaya yenyewe, na filamu ya Peter Weir ya mwaka 1975 iliukuza umaarufu wake.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama kisa cha ujana, au cha ugumu wa malezi ya Kiingereza kupandwa katika nchi isiyoyapokea. Sisi tunapendekeza isomwe kwa kanuni zetu tatu. Hesabu imo tele: saa, tarehe, idadi ya wanafunzi, vyakula vilivyofungashwa. Hodi haimo. Msafara wa Appleyard unafungua lango la uwanja na kuingia. Hongo pia haimo. Kwa msomaji aliyelelewa katika masimulizi ya misafara, jambo linalofuata halina ajabu. Msafara ulioingia nchi ya watu bila hodi wala hongo umepotelewa na watu. Riwaya nzima inauliza ni nini kilichowachukua wasichana, lakini haiulizi ni nchi ya nani waliyoingia. Mwenyeji asilia anapita upesi tu, kama mfuatilia nyayo aliyeletwa kusaidia msako, na hapewi nafasi ya kuwa mhusika.

Mwamba huo upo mahali ambapo nchi za watu watatu hukutana: Wadja Dja Wurrung, Wataungurung na Wawurundjeri. Katika muktadha huo yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1835 John Batman alidai kuwa amenunua kutoka kwa wazee wa Wawurundjeri ardhi ambayo Melbourne ingekuja kujengwa juu ya sehemu yake, na kwamba Gavana Bourke akaibatilisha hati hiyo mwaka uleule kwa sababu ardhi ilihesabiwa kuwa ya Mfalme. Hati ya Batman ilikuwa ya ghiliba, na msomaji wa Kenya, akikumbuka mikataba ya Wamaasai ya 1904 na 1911, hatahitaji kuelezwa ghiliba ya hati. Lakini angalau ilikiri kwamba kulikuwa na mtu wa kupatana naye. Tangazo la Bourke lilimfuta mtu huyo. Riwaya ya Lindsay, kwa uzuri wake wote, imeandikwa ndani ya tangazo hilo.

Na daftari letu je? Kuhusu siku ile linasema kwamba treni ilichelewa, kwamba miguu iliuma, na kwamba kileleni palikuwa kimya "kama katika kitabu". Mwandishi alikwenda mwambani kuthibitisha riwaya, akarudi ameithibitisha.

5. Budj Bim: mgono na swali

Ingizo linalotofautiana na mengine yote ni la mwaka 2010, na linahusu nchi ya Wagunditjmara, kusini-magharibi mwa Victoria. Huko, katika mawe yaliyoachwa na volkeno ya Budj Bim, watu hao walichimba mifereji na kujenga kuta za mawe ili kuwaongoza mikunga, kuwafuga na kuwavuna. Sehemu za mfumo huo zimekadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 6,600. Mahakama ya Shirikisho ilizitambua haki zao za asili juu ya nchi hiyo mwaka 2007, na mwaka 2019 UNESCO iliiweka Budj Bim katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilipokwenda, mambo ya UNESCO yalikuwa bado, na ramani niliyokuwa nayo iliuita mlima kwa jina la Kiingereza, Mount Eccles.

Aliyetutembeza alikuwa Mgunditjmara. Fedha za matembezi tulimpa yeye mkononi. Kabla ya jambo lolote, aliuliza kila mmoja wetu swali ambalo kwa Kiingereza chao huhusu watu wa mtu: ni jamaa gani, nchi gani, wewe ni wao vipi. Nilikuwa nimekaa Australia mwaka wa tatu. Nilikuwa nimeulizwa mara nyingi ninatoka wapi, na jibu lililotosheleza lilikuwa jina la bara. Huyu hakutosheka na Afrika wala na Kenya. Alitaka nimweleze mji, kisha mtaa, kisha ukoo wa mama. Mtu wa pwani atalitambua swali hilo mara moja: weye u mwana wa nani? Ni swali la mwenyeji aliye na haki ya kuuliza.

Angalia linalotokea katika lugha ya daftari baada ya hapo. Mwandishi anapoonyeshwa kapu refu lililosukwa, ambalo hutegwa katika mwanya wa ukuta ili mkunga aingie asitoke, anaandika neno mgono. Anapoona kuta za mawe anaandika uzio. Anauliza nani anaruhusiwa kutega mwanya upi, swali ambalo mtoto yeyote wa wavuvi wa dema angeliuliza. Kwa mara ya kwanza katika kurasa mia moja, Kiswahili chake kinafanya kazi ambayo Kiingereza cha vibao kilikuwa hakijaifanya. Kwa miaka mingi walowezi waliyapita mawe yale wakidhani ni mawe tu, kwa sababu lugha yao haikumtarajia mwenyeji kuwa mkulima wa samaki. Mwenye neno mgono katika msamiati wake ana sababu ndogo zaidi ya kukosea hivyo.

Hatusemi kwamba Kiswahili kina macho ambayo lugha nyingine hazina. Kwenye Great Ocean Road Kiswahili hichohicho kiliandika kwamba hapana watu. Kilichobadilika ni kuwapo kwa mwenyeji. Mwenyeji alipouliza swali lake, mwandishi akalazimika kuwa mgeni hasa, na maneno yaliyokuwa yamelala yakaamka.

6. Pingamizi

Yumkini msomaji atatoa pingamizi tatu. Ya kwanza ni kwamba tumeipamba hongo. Misafara ile ilibeba pembe, na mingine ilibeba watu waliotekwa. Walilipa hongo walipokuwa dhaifu, na walipokuwa na bunduki za kutosha walipigana. Pingamizi hii ni ya kweli, wala hatuna haja ya kuipinga. Tunachodai ni kidogo zaidi: hata msafiri dhalimu wa masimulizi yale anajua kwamba nchi ina mwenyewe, na udhalimu wake unaonekana kwa sababu ya ujuzi huo. Sentensi isemayo "hapana watu" haina hata dhuluma ya kuonekana.

Ya pili ni kwamba mwanafunzi wa Kiafrika ni mnyonge mwenyewe. Yeye hakuichukua nchi ya mtu, anaishi kwa viza, anasafisha ofisi usiku. Kwa nini abebeshwe deni la mlowezi? Tunajibu kwamba deni si moja. Hadaiwi ardhi. Anadaiwa hodi. Na hodi haimgharimu mnyonge zaidi ya inavyomgharimu mwenye nguvu.

Hapa inafaa kugusia desturi ambayo kila mwanafunzi wa Australia ameizoea, ya kufungua mikutano ya chuo kwa kuwataja wenye nchi na kuwaheshimu wazee wao. Kumkaribisha mtu nchini ni haki ya mwenyeji asilia peke yake. Kumtaja mwenyeji kunaweza kufanywa na yeyote. Karibu ni ya mmoja, hodi ni ya wote. Desturi hii ni njema. Lakini mara nyingi ilinijia kuwa ni hodi inayopigwa na mtu ambaye amekwisha kukaa sebuleni. Mwezi Oktoba 2023 wapiga kura wa Australia walilikataa pendekezo la kuwapa wenyeji asilia chombo cha kutoa ushauri kilichotajwa katika katiba. Hodi hupigwa kila siku, na bado swali la nani ajibu "karibu" halijatulia.

Ya tatu ni nzito kuliko zote kwa mhakiki wa fasihi: je, matembezi hayana haki ya kuwa furaha tu? Mwanafunzi aliyechoka anapokwenda baharini Jumamosi, ni lazima arudi na historia? Sikatai kwamba Jumamosi zile zilinisitiri. Pasipo basi la chama cha wanafunzi, pengine nisingeimaliza tasnifu. Furaha ile ya kuhesabu minara ni ya kweli, na daftari lisilo nayo lingekuwa la uongo zaidi. Lakini linganisha furaha ya kurasa mbili zile. Ya minara inakwisha pale hesabu inapokwisha. Ya mgono ina maswali, ina mzaha wa mwenyeji juu ya viatu vyangu, ina maneno ya nyumbani yaliyokutwa mbali na nyumbani. Hata kwa kipimo cha furaha peke yake, ukurasa wenye mwenyeji ndio bora.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba simulizi ya matembezi ya mwisho wa juma ni utanzu wenye mtego ndani ya muda wake: unamaliza ugeni kabla ya siku ya tatu. Mtego huo hauondolewi kwa kuongeza aya ya historia mwishoni mwa barua. Unaondolewa, kwa kiasi, kwa kurudisha hodi na hongo katika ujenzi wa simulizi: nani mwenye hapa, alisema nini, nilimpa nini. Maswali haya matatu yanatosha kuligeuza daftari.

Wanafunzi wetu wengi sasa wako Melbourne, Sydney na Perth, na wanaandika zaidi kuliko sisi tulivyoandika. Maandishi yao hayajakusanywa. Ingefaa idara zetu ziyakusanye, kama ya kizazi cha Velten yalivyokusanywa, ila safari hii mkusanyaji awe mmoja wetu na maswali yawe yetu.

Ama sentensi ya msitu na bahari, sikuifuta. Kila mwaka huwapa wanafunzi wa uzamili wanaosoma fasihi ya safari bila kuwaambia mwandishi ni nani, na kuwauliza iliandikwa na nani na lini. Wengi hujibu kwamba ni tafsiri ya mlowezi wa Naivasha, ya miaka ya 1920. Kisha huwaonyesha daftari. Hilo ndilo jembe nililopewa, na bado ninalima.